LIKAJA: Juu ya Asili ya Hofu katika Hadithi za Usiku na Michezo ya Video

Swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu ni jepesi kulitamka, bali si jepesi kulijibu: ni kitu gani hasa kimtishacho mtu achezaye mchezo wa video wa kutisha, hali akijua ya kuwa ameketi kitini, mlango umefungwa, na dubwana lililo mbele yake ni mwanga tu juu ya kioo? Wengi watajibu kuwa ni ubaya wa sura ya dubwana hilo, au wingi wa damu. Mimi nadhani sivyo. Nakusudia kuonyesha ya kuwa hofu hiyo hukaa katika pengo lililo baina ya ishara na maana yake. Na kwa kuwa pengo hilo ni shamba la wanaisimu, haitakuwa ajabu jambo hili kujadiliwa katika kurasa hizi. Mifano yangu mingi nimeipata katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mahali ambapo wazee wangali wakisimulia hadithi za usiku na wajukuu wao wanacheza gemu mabandani.

I

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kututengea mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Mshtuko ni wa mwili: mlango ukibamizwa nyuma yako, moyo huruka kabla akili haijauliza neno. Woga ni tabia. Mwoga ni mwoga hata mchana. Hofu, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni hali ya kungoja: mtu huwa na hofu ya jambo ambalo halijamfika. Kisha lipo tendo la kale, kucha, ambalo siku hizi twalisikia zaidi katika mcha Mungu na katika jina kicho. Humo kuogopa na kuheshimu ni jambo moja. Wasemaji wa Kirundi na Kinyarwanda husema gutinya kwa maana hizo mbili pamoja, na shina lake lina undugu na hilo la kucha. Nazo Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, zimo katika kundi hilohilo la Kirundi na Kinyarwanda.

Tofauti hizi zina faida kwetu. Mchezo wa video uliotengenezwa kwa uvivu hutoa mshtuko tu: dubwana huruka kutoka kabatini, mchezaji hupiga kelele, na mambo yamekwisha. Mara ya tatu hucheka. Mchezo uliotengenezwa kwa akili hutoa hofu, na hofu haihitaji dubwana kuruka. Yahitaji tu dalili ya kuwa laweza kuruka. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu wala meno. Unachotisha nacho ni kufanana tu, yaani ni ishara ambayo mwenyewe hajaonekana.

II

Siku moja nikiwa Ngara, bibi mmoja alitusimulia kwa Kiswahili, wajukuu wake na mimi, hadithi ya mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani. Alipofika mahali mtoto aliposikia majani yakitikisika nje, bibi alishusha sauti, akanyamaza kidogo, kisha akasema neno moja tu: "Likaja." Wajukuu walisogeleana. Nami nakiri ya kuwa nilitazama mlangoni.

Yafaa tulipime neno hilo. Bibi hakusema ni nini lililokuja. Walakini hakuwa kimya kabisa, kwani kiambishi li- kilikwisha sema mengi. Kwa kawaida kila chenye uhai katika Kiswahili, mtu au mnyama, hufuatwa na a-: mgeni amekuja, simba amekuja, hata nyoka amekuja. Zimwi hukaidi sheria hiyo mara nyingi. Twaona katika methali ya "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" ya kuwa halikupewa a- ya wenye uhai, bali liliachwa pamoja na majitu na madude. Basi msikilizaji asikiapo "Likaja" bila jina mbele yake, hupata habari tatu kwa mara moja: kwamba ni moja, kwamba si dogo, na kwamba si mtu. Habari ya nne, yaani jina lake, ananyimwa. Akili yake, ikiwa imeahidiwa jina na isilipate, hulitafuta yenyewe, na hulipata katika mambo yale anayoyaogopa yeye.

Jaribu kubadili neno hilo uone. Ukisema "Akaja", hofu hupungua, maana huenda ni jirani. Ukisema "Kikaja", laweza kuwa jambo la kudharauliwa. Na ukisema "Zimwi likaja", ukalitaja waziwazi, watoto watatisika, lakini si kama mara ya kwanza. Maana zimwi wamekwisha kulisikia katika hadithi nyingine na wanajua ya kuwa mwisho wake hushindwa.

Jambo kama hilo laonekana katika viambishi vya mahali. "Kuna mtu" ni habari ya mbali, haisemi wapi. "Pana mtu" yaonyesha mahali hasa. "Mna mtu" yasema yumo ndani, humu tulimo sisi. Msimulizi hodari aweza kuzipanda ngazi hizo tatu bila kuongeza neno lingine lolote, na kila silabi ikabana kifua cha msikilizaji kuliko ile iliyotangulia.

III

Tukirudi sasa katika michezo ya video, twaona ya kuwa watengenezaji wake, bila kujua lolote la ngeli zetu, waligundua siri hiyohiyo. Katika mchezo uitwao Silent Hill, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1999, mji mzima umefunikwa na ukungu. Mashine ya PlayStation ya siku zile haikuwa na nguvu za kuchora vitu vya mbali, na ukungu ulisitiri udhaifu huo. Lakini kilichokuwa kasoro kikawa ndiyo nguvu ya mchezo. Tena mchezaji hupewa redio ndogo ambayo hukoroma dubwana linapokaribia. Haisemi ni dubwana gani, wala litatokea upande gani. Redio ile ni kiambishi bila jina. Ni "Likaja" ya bibi wa Ngara katika sauti ya mashine.

Mchezo wa Amnesia: The Dark Descent, uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Frictional Games ya Uswidi, ulikwenda mbali zaidi. Mchezaji hapewi silaha hata moja. Kazi yake ni kukimbia na kujificha. Tena akilikodolea macho dubwana, akili ya mhusika wake huvurugika. Kwa hiyo hulazimika kugeuza uso, akabaki na masikio tu: hatua, pumzi, mlango unaogongwa. Mchezo wenyewe umemkataza kupata jina.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo hadithi haiwezi kulitoa, na hapo ndipo mchezo wa video unapoishinda. Katika hadithi, afunguaye mlango ni mtoto wa hadithi. Sisi twaweza kumwonya kimoyomoyo, naye hatusikii, na akifa hatukumwua sisi. Katika mchezo, mlango haufunguki mpaka kidole changu kibonyeze pedi. Nafsi ya tatu imegeuka kuwa nafsi ya kwanza: si tena "akafungua", bali "nafungua". Anayengoja ndiye atendaye, na kila hatua aendayo mbele ameichagua mwenyewe.

IV

Ikiwa hoja yangu ni kweli, basi yapasa pia kinyume chake kiwe kweli: mtu akiielewa ishara kwa ukamilifu, hofu ivunjike. Ushahidi wa jambo hili upo, na ajabu ni kuwa umo katika Kiswahili chenyewe.

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa Resident Evil 5. Mahali pa kisa ni eneo la kubuni liitwalo Kijuju, ambalo watungaji waliliweka Afrika ya Magharibi. Wakazi wake wameingiwa na vijidudu vinavyowaondolea utu, nao huitwa Majini. Na mchezo wenyewe waeleza kuwa neno hilo ni la Kiswahili. Baadhi ya viumbe vyake vimepewa majina kama Kipepeo na Bui Kichwa. Wakazi hao wanaposhambulia, lugha wanayopiga kelele ni Kiswahili, ijapokuwa Kiswahili si lugha ya wenyeji wa upande ule wa Afrika. Picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007, yalitokea malalamiko makali juu ya namna Mwafrika alivyochorwa humo, na malalamiko hayo yalikuwa na haki. Mimi nataka kuongeza lalamiko la mwanaisimu.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, nilimtazama mwanafunzi mwenzangu akiucheza mchezo huo gizani. Kila sauti ilipotoka nyuma ya ukuta, alikuwa akitetemeka kweli. Kwake zile hazikuwa sentensi. Zilikuwa ngurumo zenye umbo la maneno, ishara zisizo na maana. Mimi niliyekaa karibu naye nilisikia watu wakiitana na kuamrishana kwa lugha ya mama yangu. Sikuogopa, nilihuzunika. Miaka kadhaa baadaye niliuona mchezo uleule katika banda moja la gemu huko Biharamulo. Vijana walikuwa wakicheka. Mmoja alilisahihisha tamko la Majini kwa sauti kubwa, na mwingine akauliza kama Majini hao wametoka baharini, kwa kuwa neno hilo laweza pia kuwa maji pamoja na -ni ya mahali. Dubwana likishaingia katika mzaha wa sarufi, halitishi tena.

Basi kitu kilekile kilimtisha mmoja na kuwachekesha wengine, wala sura za madubwana hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kuelewa. Na hapa pana funzo zito kuliko mchezo. Mtengenezaji aliyetaka binadamu waonekane kuwa si binadamu aliona inatosha kuwapa lugha ambayo mnunuzi wake haielewi. Lugha ya watu ikifanywa kuwa kelele, wenye lugha hufanywa kuwa majini.

V

Huenda msomaji akauliza: watu wa wilaya hizi wana haja gani ya hofu ya kununua? Hofu ya kweli wameijua. Kwa miaka mingi magari yapitayo msituni katika barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa ajili ya majambazi, na abiria walikuwa wakinyamaza wote kwa pamoja miti ilipoanza kusongamana. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, wakikimbia mambo ambayo hayakuwa hadithi.

Nilimwuliza kijana mmoja wa Ngara swali hilo. Alinijibu ya kuwa gemu ina kitufe cha kusimamisha, na barabara haikuwa nacho. Jibu hilo ladhihirisha kazi ya hofu ya hiari, ya bibi na ya mashine pia: humpa mtu nafasi ya kukaa ndani ya pengo la ishara na maana kwa kadiri apendavyo, akajifunza kungoja bila kukimbia, kisha akatoka.

Yatubakia kazi mbili. Ya kwanza ni kuyakusanya maneno na mbinu za hofu katika Kihangaza, Kishubi na Kisubi wakati wasimulizi wangalipo: si visa tu, bali mahali pa kunyamaza, viambishi vilivyoachwa bila majina, na sauti zinazoshushwa. Ya pili ni ya vijana wetu wanaojifunza kutengeneza michezo. Wasiige ukungu wa watu wengine. Wakae kwanza karibu na bibi, wasikie jinsi anavyolitamka neno moja akanyamaza.