Utitiri Adui na Utitiri Rafiki: Namna ya Kuwapambanua

Mkulima wa Lushoto aonapo majani ya maharagwe yamepauka na kujaa vidoa vyeupe wakati wa kiangazi, husema, "Ni utitiri," kisha hutwaa bomba la dawa. Lakini yafaa angoje kidogo. Katika jani moja huweza kuwamo utitiri wa namna mbili: mmoja hufyonza mmea, na wa pili humla yule wa kwanza. Ukipiga dawa kali bila kuwapambanua, utamwua mlinzi pamoja na mwizi; na mwizi, kwa kuwa huzaa upesi, atarudi na jeshi kubwa kuliko lile la mwanzo.

Namna ya kuwatazama

Utitiri si mdudu, bali ni wa jamaa ya buibui na kupe. Akikomaa ana miguu minane, na urefu wake ni kama nusu ya milimita au pungufu. Twaa kioo cha kukuzia, geuza jani, uchunguze upande wa chini karibu na mishipa.

Adui wa maharagwe huenda polepole, hukaa kwa makundi na kusuka utando mwembamba. Mara nyingi ana doa jeusi kila ubavu. Mayai yake ni ya mviringo kama shanga.

Rafiki ana umbo la tunda la peasi. Mwili wake hung'aa, hana macho, miguu yake ni mirefu, naye hukimbia huku na huko akitafuta mawindo. Yai lake ni refu kidogo kama yai la kuku.

Kwa nini jina ni muhimu

Jamaa ya wawindaji hawa huitwa Phytoseiidae, nayo ina spishi zaidi ya 2,000. Wataalamu huzipambanua kwa hadubini, wakihesabu vinywele vya mgongoni na kupima urefu wake. Kazi hiyo si mchezo. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa mihogo, atokaye Amerika ya Kusini, alionekana Uganda, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Wawindaji wa kwanza walioletwa kutoka Kolombia hawakudumu. Mwaka 1993 spishi nyingine, Typhlodromalus aripo wa Brazili, alifunguliwa nchini Benin, naye akastawi na kuenea. Mchana hujificha katika ncha changa ya mhogo. Usiku hushuka majanini kuwinda. Basi wewe ulimaye mihogo huko chini, upande wa Mombo na Korogwe, mtafute katika ncha.

Mambo ya kufanya

1. Chunguza majani ya mimea kadha wa kadha kabla ya kununua dawa.
2. Ukiwaona wawindaji wengi, ngoja siku chache, kisha utazame tena.
3. Uchumapo kisamvu, usikate ncha za mihogo yote. Hapo ndipo nyumba ya mlinzi wako.
4. Ukitaka kujua spishi, tia utitiri katika kichupa chenye spiriti, uandike kwa kalamu ya risasi tarehe, kijiji na mmea, umpe bwana shamba.

Mkulima amjuaye rafiki yake shambani hupunguza gharama ya dawa na huokoa mavuno yake.