Adui Asiyeonekana Kwenye Gwaride

Mwezi Machi mwaka 2020, manowari ya Marekani iitwayo USS Theodore Roosevelt ilikuwa katika Bahari ya Pasifiki na mabaharia wapatao 4,800. Wengi wao walikuwa vijana wenye afya na mazoezi ya kutosha. Hakuna meli ya adui iliyoikaribia, wala risasi iliyofyatuliwa. Hata hivyo, kabla ya mwezi huo kwisha, manowari hiyo ilitia nanga katika kisiwa cha Guam, ikiwa haiwezi kuendelea na kazi yake. Mabaharia zaidi ya 1,200 waliambukizwa ugonjwa wa korona. 23 walilazwa hospitalini, na mmoja akafariki dunia.

Linalotupasa sisi askari kulitafakari si idadi hiyo peke yake. Katika kila wanne walioonekana kuwa na kirusi, watatu hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Walikuwa wakishika zamu, wakila pamoja na wenzao na kulala katika vitanda vilivyopandana, huku wamembeba adui kifuani bila kujua.

Je, adui huyu ni nani? Virusi vya korona ni ukoo mkubwa wa virusi viishivyo katika wanyama na wanadamu. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa kuwa kirusi kikitazamwa kwa darubini kali huonekana kimezungukwa na miiba mfano wa taji. Baadhi yake huleta mafua ya kawaida tu. Baadhi ni vikali: SARS iliua watu zaidi ya 700 katika miaka ya 2002 na 2003. Kirusi cha Kovidi-19 kilijulikana mara ya kwanza katika mji wa Wuhan, China, mwishoni mwa mwaka 2019. Uganda ilimthibitisha mgonjwa wake wa kwanza tarehe 21 Machi 2020. Tarehe 5 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Halikutangaza kwamba kirusi kimekwisha.

Kirusi hiki husafiri kwa pumzi. Mgonjwa anapokohoa, anaposema au kuimba, hutoa matone madogo sana, na katika chumba kilichofungwa matone hayo hubaki hewani kwa muda. Basi bweni la askari, kibanda cha mabati katika kambi ya polisi, lori lililojaa askari na chumba cha mahabusu havina tofauti kubwa na ile manowari.

Kinga yake yataka nidhamu, wala si gharama kubwa. Fungua madirisha ya bweni, na vitanda vipangwe ili kichwa cha mmoja kielekee miguuni mwa mwenzake. Nawa mikono kwa sabuni, hasa baada ya kukagua vitambulisho na mizigo kwenye kizuizi cha barabarani. Kohoa ndani ya kiwiko. Vaa barakoa ikufunike mdomo na pua unapokuwa na mafua, au unapoingia mahali penye msongamano. Pata chanjo kama waganga wanavyoshauri. Haizuii kila ambukizo, lakini hupunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa.

Zaidi ya hayo, ukijisikia homa au kikohozi, toa taarifa. Wako askari wanaoficha ugonjwa wakidhani ndio ushujaa. Kamanda naye asimhesabu mgonjwa kuwa mtegaji, maana askari akiogopa adhabu atanyamaza, na bweni zima litaugua.

Mwisho, kumbuka siku ya likizo. Kijana mwenye nguvu aweza kuuvuka ugonjwa huu kama mafua ya siku tatu, lakini mama yake mzee kijijini huenda asiuvuke. Ukiwa na kikohozi, ahirisha safari hiyo. Askari aliyeapa kuwalinda wananchi na aanze kwa kumlinda yule atakayemfungulia mlango.