Kadi za michezo: piga hesabu kabla ya kulipa kupimisha

Ndugu zetu mnaofanya usafi wa nyumba na ujenzi huku Westerville, na kule Louisville na Buffalo, swali lenu ni moja: bosi anahama, anakuachia boksi la kadi za zamani za wachezaji wa besiboli au kikapu. Ni hela au takataka? Mara nyingi ni hela ndogo. Usizitupe, ila usikurupuke kulipia kupimisha.

Kwanza, ziwe zako kweli. Kadi ulizozikuta darini wakati wa kubomoa ni za mwenye nyumba. Mwambie. Akisema chukua, mwombe akuandikie hata meseji fupi. Dola mia hazifai kukuletea kesi ya wizi ukiwa ugenini.

Kupimisha ni nini? Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, hupokea kadi kwa posta, huhakikisha ni halisi, huipa alama 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Wanaangalia pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati.

Kadi ya Mickey Mantle ya 1952, yenye alama 9.5, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Habari kama hiyo ndiyo inayowapa watu tamaa. Lakini kadi za mwanzo za Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa, za msimu wa 1991-92, zilichapwa kwa wingi mno. Nyingi bei yake ni dola chache tu, hata kama mchezaji tunampenda sote.

Hesabu yenyewe. Tuseme kadi yako, bila kupimwa, inauzika dola 10. Kupimisha dola 30, posta na bima dola 25. Zimeshatoka 55. Inarudi na alama 8, unaiuza dola 40, soko la mtandaoni linakata asilimia 13. Unabaki na 34.80. Hasara dola 20.20, na kadi imeshaondoka! Ungeiuza ilivyo, ungekuwa na dola 10 mfukoni.

Kwa hiyo tafuta bei ambayo kadi kama yako imeshauzwa kweli, si bei ambayo muuzaji anaitaka. Tumia bei ya alama 8, usijipe 10. Kama makato yote hayarudi, uza ilivyo.

Kutunza ni rahisi. Kila kadi iingie kwenye kifuko laini cha plastiki, halafu kwenye kasha gumu. Weka mbali na jua, mvuke wa jikoni na unyevu wa chini ya nyumba. Usifute, usinyooshe, usikate kingo. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA, ya Honus Wagner, ilipewa alama 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba alikuwa ameikata kingo. Kwa hiyo hata ukinunua iliyofungwa, ikague.

Ukipata faida, tunza risiti. Hapa Marekani, faida ya vitu vya ukusanyaji ulivyokaa navyo zaidi ya mwaka inaweza kutozwa kodi hadi asilimia 28.

La mwisho: boksi la bure ni bahati, liuze. Lakini hela ya ada ya watoto isinunue kadi. Ada ina tarehe, na kadi haina tarehe ya kupata mnunuzi.