"What", "How" au "Which"? Usiponzwe na "-je" kama mimi

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee kitu kilichonikosesha kibarua.

Baada ya kumaliza shule hapa Tengeru, Kiingereza nilijiona nakiweza. Kampuni fulani (jina kapuni) ikawa inatafuta vijana wa kutembeza wageni: Ziwa Duluti, makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioanza kufika hapa 1942, na gulio letu la Jumamosi. Kwenye intavyuu mzee mmoja akaniuliza, "What is Lake Duluti like?" Mimi bila kusita: "It likes fish." Wakacheka mpaka machozi. Kazi akapewa mwingine.

Nimekaa nikagundua tatizo. Kiswahili chetu kina "-je" inayobeba mizigo mingi: unaitwaje, ukoje, unasemaje. Kichwani tunaigeuza yote kuwa "how". Wenye lugha yao wameigawa.

1. JINA LA KITU. Umeshika parachichi, unataka jina lake. Usiseme "How do you call this?" Sema "What do you call this?" Jibu ni jina, na jina linaulizwa kwa "what". Ila "How do you say parachichi in English?" ni sawa kabisa, maana unaulizia namna ya kusema.

2. HALI NA WASIFU. "How is your mother?" ni mama hajambo? "What is your mother like?" ni mama yako ni mtu wa namna gani? Hiyo "like" siyo kupenda, ni "kama". Hapo ndo nilipoangukia! Ukitaka sura yake, sema "What does she look like?" Ile "How is she like?" tunayoisikia kila siku ni kosa.

3. GANI NA -PI. Hapa Kiswahili kinatubeba. "Unapenda matunda gani?" uwanja uko wazi, kwa hiyo "What fruit do you like?" "Embe na nanasi, unataka lipi?" machaguo yanajulikana, kwa hiyo "Which do you want?" Vivyo hivyo stendi, daladala zimepangwa mbele yako: "Which one goes to Usa River?" Kama unaweza kuvinyooshea kidole, tumia "which".

4. SAA NGAPI. Ni "What time is it?" Ukisema "How many hours?" unauliza ni masaa mangapi, mtu atakuhesabia safari ya Dar.

Dawa yangu ni hii: kabla hujauliza, fikiria jibu. Likiwa jina au maelezo ya kitu, "what". Likiwa njia ya kufanya jambo au hali ya mtu, "how". Likiwa moja kati ya yaliyopo mezani, "which".

Leo yule mzee akiniuliza tena nitamjibu, "It is a small, quiet crater lake with forest around it." Mimi nimeshachelewa, ila wewe mwenye intavyuu wiki ijayo bado unawahi.

Mdau uliyewahi kuponzwa na kimombo, tiririka hapo chini tucheke na tujifunze. Na kama nami nimechapia, nirekebishe, sina noma.

Nawakilisha.