Senti kumi ya mfalme asiyetawazwa

NUSURA ndama wa shangazi yangu wa Chawia auzwe kwa ajili ya senti kumi.

Sarafu yenyewe ni ya shaba iliyoingia weusi, pana, ina tundu katikati na pembe mbili za ndovu kando ya tundu hilo. Shangazi aliikuta katika kibuyu cha marehemu nyanya, pamoja na shanga na vifungo, alipokuwa akifagia dari la jiko la zamani. Habari ziliposhuka hadi Mwatate, akatokea kijana mmoja aliyedai kwamba kuna mgeni anayezinunua sarafu kama hizo kwa mamilioni. Lakini kwanza, alisema, atoe Sh20,000 za kuipima. Ndipo shangazi alipoanza kumtazama ndama wake kwa jicho jingine.

Nilipanda Chawia siku ya Jumamosi, ukungu ungali umeufunika msitu. Binamu yangu alikuwa tayari na majivu na ndimu ili aing'arishe. Nikamzuia, maana wanaokusanya sarafu hawapendi iliyosuguliwa. Tukaipeleka mlangoni penye mwanga, tukasoma: 1936, na jina EDWARDVS VIII.

Jina hilo lina kisa chake, msomaji. Edward wa Nane wa Uingereza alirithi kiti cha ufalme Januari 1936, akakiacha Desemba mwaka huo huo, kabla ya kuvishwa taji, ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuolewa mara mbili. Kwao Uingereza, sarafu zenye sura yake hazikuingia sokoni. Lakini hizi zetu, kwa sababu ya tundu, hazikuwa na nafasi ya uso wa mfalme. Jina lilitosha, na basi zikapigwa na kusafirishwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa zile za Afrika Magharibi, Fiji na New Guinea.

Na zilipigwa kwa mamilioni! Hapo ndipo ndoto ya binamu ilipoingia maji. Leo huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana hotelini.

Yenye bei kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15, ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, vita vilipowazingira. Hiyo ina ndovu mzima. (Sh20 yetu ya tangu 2018 nayo ina ndovu, lakini haina dhahabu.)

Wataita wa rika la nyanya waliona fedha za kila namna. Rupia ya Bara Hindi iliondoka, ikaja florini mwaka 1920, na kabla watu hawajaizoea ikaja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Ng'ambo ya Taveta, Mjerumani alikuwa na heller zake, 100 kwa rupia moja, na ndizo zilizotuachia neno "hela". "Pesa" ilitoka Bara Hindi, na "thumuni" kwa Waarabu, maana yake sehemu ya nane. Shilingi ya Kenya yenyewe ilikuja mwaka 1966. Fedha hizo nyingine zimekufa zote, ila majina yake tungali tunayatamka kila siku dukani.

Nilimpigia simu yule kijana, nikamwomba akate ada yake katika hayo mamilioni atakayotuletea. Simu ikakatika. Nilipopiga tena, ilikuwa imezimwa.

Shangazi alikuwa ameichukua sarafu, akichokora tundu kwa ukucha. Nilichodhani ni uchafu kilikuwa kipande cha uzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mamake alizitunga senti zake kwenye uzi na kuzifunga kiunoni kila siku ya soko, na watoto walijua amerudi kwa kusikia mlio wake kabla hajafika uani.

Akairudisha kibuyuni na uzi wake. Nje, ndama alikuwa analia akitaka majani.