Aisilandi: Tazama kwa Macho, Usijaribu kwa Mguu

Huenda hujawahi kufika Aisilandi, lakini wakazi wa Naivasha wana sababu ya kuikumbuka nchi hiyo. Aprili 2010, volkano iitwayo Eyjafjallajökull ililipuka huko, majivu yake yakatanda katika anga ya Ulaya na ndege zikakosa kuruka kwa siku kadhaa. Maua yetu yaliyokuwa tayari kusafirishwa yakaharibika na kutupwa, na vibarua wengi wakakosa kazi.

Nchi hiyo imo kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, karibu na Mzingo wa Aktiki. Wakazi wake ni karibu laki nne tu, ilhali watalii wanaoizuru kila mwaka hupita milioni mbili. Wakenya nao huenda. Wahandisi wetu wengi wa umeme wa mvuke, kama ule wa Olkaria, wamesomea huko.

Mhandisi mmoja wa aina hiyo aliingia katika kliniki yangu akichechemea. Alikuwa amevuka kamba iliyozungushwa kando ya chemchemi ya maji moto ili apigwe picha. Ardhi ikabomoka, mguu ukazama hadi kwenye kifundo. Rafiki zake wakampaka dawa ya meno. Ilibidi apandikizwe ngozi, na hadi leo kiatu kigumu humsumbua. Nilipomuuliza ilikuwaje mtu anayefanya kazi na mvuke akakosea hivyo, alijibu: “Daktari, palionekana pakavu.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mandhari ya Aisilandi ni ya kuvutia mno, lakini mara nyingi jicho la mgeni humdanganya.

ARDHI INAYOCHEMKA

Katika bonde la Haukadalur kuna Geysir, chemchemi maarufu ambayo Waingereza waliazima jina lake kutajia chemchemi zote zinazorusha maji. Siku hizi Geysir yenyewe hurusha kwa nadra sana, lakini jirani yake, Strokkur, hurusha maji kila baada ya dakika chache, kwa kawaida hadi mita 15 au 20.

Maji ya mvua na theluji hupenya ardhini hadi kwenye miamba yenye moto mkali. Uzito wa maji yaliyo juu huyazuia yale ya chini yasigeuke mvuke, hata yapitapo nyuzi 100. Mwishowe yanashindwa kuzuilika, yanageuka mvuke kwa ghafla na kuyasukuma yote juu, mithili ya sufuria iliyofunikwa kwa kifuniko kizito.

Waliotembelea Ziwa Bogoria wamekwisha kuona chemchemi za namna hii. Kandokando yake madini huganda na kufanya gamba ambalo laweza kuwa jembamba kama chapati, na chini yake maji yakawa karibu kuchemka. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde tano hivi. Yakifika nyuzi 70, sekunde moja yatosha. Soksi huyashika maji hayo na kuzidisha madhara.

Mtu akiungua, mvue kiatu na soksi upesi, isipokuwa kilichogandamana na ngozi. Mimina maji baridi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Usitumie barafu, dawa ya meno, siagi, yai wala unga. Funika kwa kitambaa safi, kisha mpeleke kwa daktari. Huko Aisilandi nambari ya dharura ni 112. Huduma hii ya kwanza itakufaa hata jikoni kwako.

HARUFU ISIYONUKA

Penye chemchemi hizi kuna harufu kama ya yai lililooza. Hiyo ni gesi ya salfa, na ikiwa kidogo haimdhuru mtu mwenye afya. Lakini pua huizoea haraka, na gesi ikizidi sana pua hufa ganzi. Kwa hiyo harufu ikitoweka, usidhani kwamba gesi imekwisha.

Tangu 2021, rasi ya Reykjanes, iliko mji wa Grindavik, imelipuka mara nyingi. Novemba 2023, wakazi wote wa mji huo walihamishwa. Moshi wa volkano una gesi inayobana mapafu ya mgonjwa wa pumu. Nyingine, kaboni dayoksaidi, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama mabondeni. Kama una pumu, beba dawa yako ya kuvuta, na usishuke penye shimo eti upate picha nzuri.

MAJI YA KUOGA

Ziwa la rangi ya samawati liitwalo Blue Lagoon hudhaniwa na wengi kuwa la asili. La hasha! Maji yake hutoka katika kituo cha umeme wa mvuke cha Svartsengi. Tangu miaka ya 1980, wagonjwa wa psoriasisi, maradhi yanayofanya ngozi kuwa na magamba, wamekuwa wakioga humo na kupata nafuu. Nafuu, lakini si kupona.

Maji ya vuguvugu hupanua mishipa ya damu, na presha hushuka. Ukiwa unatumia dawa za presha, ukitoka ghafla waweza kuanguka. Inuka polepole, kunywa maji, na uache pombe. Wajawazito na wenye maradhi ya moyo wamwone daktari kabla ya safari. Pia usishangae ukitakiwa kuoga kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia katika bwawa la umma. Wenyeji hutia dawa kidogo majini, hivyo usafi wa kila mmoja ndio kinga ya wote.

PWANI NYEUSI

Ufuo wa Reynisfjara, karibu na kijiji cha Vik, una mchanga mweusi na nguzo za mawe kana kwamba zimechongwa na fundi. Bahari yaweza kutulia kwa dakika kadhaa, kisha wimbi moja kubwa likapanda mbali kuliko mengine yote na kuzoa watu. Wageni kadhaa wamepoteza maisha hapo. Usiipe bahari hiyo mgongo.

Wala usijitie moyo kwamba ulijifunza kuogelea Mombasa. Maji baridi humfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila hiari, na akiwa chini ya wimbi huvuta maji. Kuogelea hodari hakuzuii jambo hilo.

BARIDI NA MTU MWEUSI

Kwenye maporomoko ya Gullfoss, yenye urefu wa mita 32, manyunyu huganda njiani wakati wa baridi na watu huteleza. Upepo nao hupora joto la mwili. Mwenzako akianza kutetemeka, kusema kilevi na kujikwaa, mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Pombe humfanya ahisi joto huku ikizidi kumpunguzia.

Vitabu vingi husema ngozi iliyoumwa na baridi hubadilika rangi. Kwa ngozi nyeusi dalili hiyo ni vigumu kuiona, nasi huumia na baridi upesi kuliko Wazungu. Basi amini ganzi, usiamini rangi.

Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, wajue kwamba baridi yaweza kuamsha maumivu makali. Wazungumze na daktari wao kabla ya kukata tiketi.

Siandiki haya ili kumtisha yeyote. Mwenye uwezo na aende akayaone maajabu hayo. Lakini penye kamba, simama. Aliyeifunga anaijua ardhi ile kuliko wewe, hata ikionekana kavu.