Sauti ya Babu Imo Ndani ya Deki Bovu

Wadau, likizo iliyopita wenzangu walikuwa field. Mimi nilikuwa Ngara, uani kwa bibi, nimefungua deki la babu kwa bisibisi ya kuazima.

Mnazijua hizi mashine zinazofunikwa kitambaa sebuleni: juu sahani ya santuri, mbele redio na mlango wa kaseti, pembeni spika mbili za mbao. La babu ni la Kijapani, alilinunua enzi anafanya kazi Biharamulo. Gridi haikuwepo, likawa linakula betri ya gari ya volti 12. Sasa bibi akanipigia: "Mjukuu wangu, kuna kaseti mzee anataja mipaka ya shamba. Baba zako wadogo wameanza kuvutana." Kaseti yenyewe ni moja tu.

Deki lililolala miaka mingi usikimbilie kulichomeka. Angalia kwanza swichi ya volti nyuma. Hili lilikuwa kwenye 110, na hakuna aliyewahi kujua kwa sababu halikuonja umeme wa ukutani. Ningechomeka, transfoma kwaheri.

Ndani, belti za mpira zilikuwa zimeyeyuka kama lami. Nilisugua magurudumu kwa spiriti na pamba hadi vidole vikawa vyeusi siku mbili. Belti mpya ilinipeleka kwa fundi Biharamulo mjini, kupitia Benako na Lusahunga, na nauli ikamaliza boom lililobaki. Fundi alinifundisha: zungushia uzi njia ya belti, upime, halafu chukua belti fupi kidogo kuliko uzi. Rababendi ya kufungia noti haifai, inavutika na sauti inayumba kama mlevi.

Kapasita mbili kubwa za pawa zilikuwa zimevimba vichwa. Hizo zinatunza umeme hata ukichomoa, kwa hiyo subiri, pima kwa mita, ndipo uguse. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na chanya na hasi usizigeuze, inaweza kupasuka. Hedi ya kaseti ilitaka spiriti tu.

Redio ndiyo ilianza kufufuka. Ikashika Radio Kwizera, kituo ambacho Wajesuiti wa JRS walikianzisha hapa Ngara 1995, wakati wa wakimbizi. Majirani wakaja. Kaseti ya babu sikuithubutu. Nilijaribu kwanza na kaseti chakavu ya kwaya, mara tatu, kuona kama deki linatafuna mkanda.

Halitafuni. Nikaweka ya babu.

Ikatoka sauti nyembamba, ya haraka, kama mtoto anayekariri. Bibi akatikisa kichwa. "Huyo siyo mzee wangu."

Mkanda wa kaseti unatakiwa kupita sentimita 4.76 kwa sekunde, na kifaa cha kupimia sikuwa nacho. Ila mota nyingi zina kitundu kidogo nyuma, ndani yake kuna skrubu ya mwendo. Nikaingiza bisibisi nyembamba, nikawa nazungusha kidogo kidogo huku bibi kafumba macho.

"Bado." Nikazungusha. "Umezidisha, sasa ni mgonjwa." Nikarudisha.

"Hapo hapo! Acha."

Babu alikuwa anataja, kwa Kihangaza chake cha taratibu, minyaa ya upande wa mtoni. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akaniambia nirudishe mwanzo.